UZI: Shepa kuukuu kwa karakana ya nyumbani Nairobi, soma kabla hujampa broka pesa

Chuma_Baridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu. Ukipita Gikomba au Kariobangi Light Industries utaziona shepa zimesimama nje, zimefunikwa gunia, zinasubiri mtu wa vyuma vikuukuu aje na mizani. Na inbox yangu haikauki: "Kaka, kuna shepa inauzwa, nichukue?" Naandika hapa mara moja, nikiulizwa tena nitatuma linki.

Kwa wanaoisikia tu: shepa ni mashine ya kuchonga chuma. Kazi, yaani kipande kinachochongwa, inafungwa kwenye vaisi (jiliwa) juu ya meza. Ramu, ule mkono mzito wa juu, husukuma kisu kimoja mbele kikakata, hukirudisha bila kukata, na meza husogea kando kidogo kabla ya mpigo unaofuata. James Nasmyth, yule Mskoti wa nyundo ya mvuke, ndiye aliyeitoa mwaka 1836. Ndani kuna gia kubwa yenye pini, pini inayumbisha mkono mrefu wenye mfereji, na mkono ndio unaobeba ramu. Kwa jinsi mkono ulivyoshikwa chini, ramu hurudi haraka kuliko inavyokwenda. Kwenye mashine nyingi, ukigawa mzunguko mmoja mara tano, tatu ni za kukata na mbili ni za kurudi.

Viwanda vingi viliiacha kitambo, na ndiyo maana inapatikana. Lakini kwangu sababu ya kuitaka ni kisu. Kipande kimoja cha HSS (kile chuma kigumu cha visu), grainda, na subira, basi umepata umbo lolote unalotaka: bapa, V, nusu duara, jino la gia. Kikiisha makali unakinoa, unaendelea. Kata ya milingi, ile mashine ya kisu kinachozunguka, ikivunjika jino moja umeagana na pesa. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: shepa ni mashine ya mtu anayetengeneza kipande kimoja kimoja na hana mteja anayemhesabia dakika. Kama una oda ya vipande mia vya aina moja, uzi huu si wako.

Za hapa mjini ni za aina mbili. Kuna za Uingereza, kama Elliott, Alba na mara mojamoja Boxford, ambazo nyingi zilikuwa za shule za ufundi na karakana za zamani. Halafu kuna za India, za Batala na Rajkot, kubwa na nzito, rangi ya kijani au kijivu. Zile Atlas na South Bend za inchi 7 mnazoziona kwenye video za Wamarekani, msizitafute, mtazeeka. Saizi ya shepa ni urefu wa mpigo wake mrefu zaidi. Inchi 10 inaingia kwenye gereji ya nyumbani vizuri. Inchi 18 ni karibu tani moja ya chuma. Inchi 24, mwambie mwenye plot mapema.

Sasa ukaguzi. Usiende bila tochi, geji ya saa yenye sumaku, kipande cha mbao kigumu na matambara.

Anza na ramu. Muuzaji atakuonyesha inavyokwenda kwa mota, itapiga tak-tak, utafurahi. Mwambie azime. Izungushe kwa mkono mpaka ramu iwe katikati ya safari yake, tia mbao chini ya kichwa, inua. Geji itakuambia inacheza kiasi gani. Halafu rudia ramu ikiwa mbele kabisa, na nyuma kabisa. Kazi nyingi za shepa ni fupi, kwa hiyo njia za kuteleza huliwa katikati, na ncha zinabaki karibu mpya. Broka mjanja hukaza gibu, zile kabari za kubana njia, ili katikati pasicheze, kisha anakuwekea mpigo mfupi ili usigundue. Wewe omba mpigo mrefu. Kama inakwama kwenye ncha na inalegea katikati, njia zimekwisha, na dawa yake ni kukwangua kwa mkono au kupeleka kwa mwenye grainda kubwa ya bapa. Hiyo bei ishushe hapo hapo.

Ukiomba mpigo ubadilishwe utajua na jambo la pili: kama skrubu ya kurekebisha urefu bado inazunguka. Nyingi zimekwama kwa sababu fundi wa mwisho aliiacha saizi moja miaka yote.

Meza: sogeza mpaka mwisho kulia na kushoto. Ikiwa nyepesi katikati na nzito pembeni, ni hadithi ile ile ya ramu. Angalia kama mguu wa mbele wa kushikilia meza upo. Huo hupotea sana, na bila huo meza inainama ukikata kwa nguvu. Makovu ya kisu na mashimo ya drili juu ya meza yasikutishe. Nyufa ndizo za kutisha, hasa kwenye mifereji ya T na mahali ambapo mtu amechomelea chuma cha kusubu kisha akapaka rangi. Rangi mpya sehemu moja tu ya mashine kuukuu, nenda na tochi.

Klapa, kile kibao chenye bawaba kinachoinua kisu wakati wa kurudi: kishike kwa vidole, kitikise kushoto na kulia. Kinatakiwa kupanda na kushuka kwa ulaini bila kucheza upande. Pini yake ikiwa imeliwa, kila uso utakaochonga utakuwa na mawimbi, na utailaumu mota bure.

Mwisho fungua kifuniko cha pembeni, uone gia kubwa. Meno yaliyochongoka, rudi nyumbani. Kishindo kila ramu inapogeuka ni kile kipande kinachoteleza kwenye mkono wa ndani. Hicho unaweza kukichonga upya kwa shaba nyeusi na kazi ikaendelea.

Karibuni mjazie.

---

Kata_Nne

Bosi, umeandika vizuri lakini unauzia watu ndoto za babu. Milingi ndogo ya mezani kutoka Uchina inatoboa, inachonga mfereji, inakata mfuko uliofungwa pande zote. Shepa haiwezi hata kutoboa. Inakula nafasi ya gari, na ni pole pole kama jongoo. Mtu akiwa na hela ya shepa aongeze kidogo.

---

Chuma_Baridi

@Kata_Nne kutoboa kuna drili ya nguzo, usiipe shepa kesi isiyo yake. Mfuko uliofungwa kweli haiwezi, kisu lazima kipate pa kutokea. Mfereji usiofika ukingoni unatoboa shimo mwisho wake kwanza.

Upole tuupige hesabu. Mipigo kwa dakika ni 600 mara kasi ya kukata kwa mita kwa dakika, gawanya kwa urefu wa mpigo kwa milimita. Chuma laini na kisu cha HSS, tuseme mita 25. Kazi ya urefu wa 150 mm unaweka mpigo wa 175, ili kisu kipate nafasi ya kushuka kabla ya kukata na kutoka baada. Jibu ni kama 85. Upana wa kazi ni 100 mm, meza inasogea 0.25 kila mpigo, hiyo ni mipigo 400. Chini ya dakika tano kwa pasi moja, na unaweza kushusha milimita moja na nusu au mbili kama mashine ni nzito. Hiyo milingi yako ya mezani ishushe milimita mbili kwa upana huo halafu utuambie inavyolia.

"Aongeze kidogo" pia ni maneno ya duka. Milingi bila kata, koleti ya kushikia kata na vaisi ni stendi ya kuanikia nguo.

---

Kata_Nne

Hahaha, ya stendi nimekubali. Kwa nafasi bado hujanijibu.

---

Mwl_Karakana

Naomba niingie kwa upande wa usalama, maana nafundisha vijana mashine hizi na hakuna aliyegusa jambo hili.

Kwanza nafasi aliyouliza Kata_Nne. Usipime shepa ikiwa imezimwa ukadhani ndiyo saizi yake. Ramu hutoka kwa nyuma. Ukiiweka karibu na ukuta, kati ya ramu na ukuta panakuwa mahali pa kumbana mtu, na nyumbani kuna watoto. Acha njia ya mtu mzima kupita nyuma mpigo ukiwa mrefu kabisa, au funga wavu imara pasipitike kabisa. Mbele nako hapasimamwi. Vipande vya moto vinaruka moja kwa moja kifuani, na kazi ikichomoka kwenye vaisi inafuata njia hiyo hiyo. Mwendeshaji anasimama kando, upande wa mikono ya kuendeshea, na miwani machoni. Weka kibati au wavu mbele wa kudaka taka.

Kabla ya kuwasha, zungusha kwa mkono mzunguko mzima. Mzima, si nusu. Hakikisha kichwa hakigongi vaisi na kichwa kikiwa kimelazwa hakigongi mwili wa mashine kinaporudi. Kaza nati ya urefu wa mpigo na ile ya mahali pa mpigo. Hakuna kupangusa kwa brashi wala kugusa uso kwa kidole ramu ikitembea. Mwanafunzi husema "nitawahi ikirudi". Kurudi ndiko kwenye haraka, amesahau somo la kwanza.

Na meza isogee wakati ramu inarudi. Ukiona inasogea kisu kikiwa ndani ya chuma, mpangilio wa kile kidole cha rachiti kinachosukuma meza uko upande usiofaa. Geuza pini ya mwendo upande wa pili.

---

Utawala_DIY

Asante mwalimu. Swali la stima: nyumbani nina fezi moja ya kawaida, volti 240. Shepa niliyoiona ina mota ya fezi tatu, 415. Nibadilishe mota au nitafute invata, kile kifaa cha kutoa fezi tatu kutoka moja?

---

Waya_Moto

Soma kibati cha mota kwanza. Kikisema 240/415, au 230/400, delta/nyota, una bahati. Fungua boksi la waya, hamisha vile vibao vya shaba kutoka nyota hadi delta, kisha nunua invata inayoingiza fezi moja 240 na kutoa fezi tatu 240. Kikisema 400 delta, hiyo ni ya 400 tu, invata ya kawaida ya fezi moja haitaifikisha hapo.

Mota za zamani nyingi zina waya tatu tu zinazotoka. Nyota imefungwa ndani kwenye koili. Fundi wa kusuka mota anaweza kuifungua atoe waya sita, ila mwambie hivyo hivyo: "nitolee waya sita", la sivyo ataisuka yote upya na kukutoza yote upya.

Invata ikuongezee na ulaini wa kuwasha. Usiitumie kuteremsha kasi mpaka chini kabisa, feni ya mota inateremka pamoja nayo na mota inapika. Gia na puli za mashine zipo kwa kazi hiyo.

Mota ya fezi moja ya farasi 2 au 3 nayo inafanya kazi, nimezifunga. Washa klachi ikiwa imetolewa, ndipo uingize. Na isiwe soketi ya ukutani, vuta waya wake kutoka kwenye boksi, na breka yake.

---

Babu_Spana

Vijana hamjambo. Mnasifu uso wa bapa, lakini pesa ya shepa mtaani iko kwenye kiwei. Ile mifereji ya ndani ya puli na gia. Posho mill ya mtu imekula kiwei, puli inazunguka peke yake, unga hakuna, na wateja wamepanga foleni na debe. Huyo hakuulizi bei mara mbili.

Shafti ya 28 mm inataka kii, kile kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti, ya upana wa 8 mm. Ndani ya puli unashuka 3.3 mm kutoka ukutani mwa shimo. Shafti ya 35 inataka kii ya 10, kina ni hicho hicho 3.3. Tengeneza baa ya duara, nene kadiri shimo linavyoruhusu, na kisu kidogo kilichokazwa kwa skrubu kwenye ncha yake. Kisu ukinoe upana kamili wa kii na ukimalizie kwa jiwe la mafuta, kwa sababu upana wa kisu ndio upana wa mfereji. Hakuna pasi ya pili ya kukusamehe.

Klapa ifunge kwa bolti isiinuke. Ikiinuka ndani ya shimo, baa inagonga juu. Puli ifungwe ikitazama sawasawa na safari ya ramu. Ipime kwa geji, siyo kwa jicho, na nyuma yake kuwe wazi kisu kitokee. Shusha kidogo sana kila mpigo, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Baa inapinda kama fimbo ya kuvulia samaki, hivyo kila baada ya mipigo kadhaa acha ipite bila kushusha. Utaona bado inatoa unga wa chuma. Ikinyamaza ndipo ushushe tena. Mwenye haraka hufikisha kina kwenye mlango wa puli na kukikosa upande wa pili, halafu kii inakaa kama kabari na puli inapasuka.

---

Chuma_Baridi

Mzee, heshima. Hapo kwenye kuacha ipite bila kushusha ndipo vijana wengi wanaharibu.

Niongeze ya kisu, maana nimeulizwa inbox. Msihamishe visu vya lethi, ile mashine inayozungusha kazi, vilivyo tayari. Kwenye lethi unaweza kupandisha au kushusha kisu ukabadilisha pembe, kwenye shepa pembe ni ile uliyoinoa. Chini ya makali acheni nafasi ndogo, digrii 4 hivi. Ikizidi, kisu kinachimba na kutetemeka. Kabaidi, zile ncha ngumu za visu, ziacheni: kila mpigo ni kugonga upya, na wakati wa kurudi kisu kinaburuzwa juu ya kazi, ncha inamegeka. Kwa pasi ya mwisho nolea kisu uso mpana ulionyooka, shusha kidogo mno, na sogeza meza kwa hatua kubwa.

Ukikata ukuta wima au pembe ya slaidi, laza boksi la klapa, juu yake pawe mbali na ukuta unaoukata. Kisu kikiinuka wakati wa kurudi kitajitenga na ukuta. Ukilaza kinyume, kitaukwangua kila kikirudi, na utashangaa mistari inatoka wapi.

---

Mizani_ya_Kweli

Mimi niko upande wa pili wa mizani, nauza na kununua vyuma. Niwape siri moja. Muuzaji hawezi kushuka chini ya bei ya kilo, kwa hiyo kabla ya kuongea ulizia bei ya kilo ya chuma cha kusubu wiki hiyo, kadiria uzito, uzidishe. Hiyo ndiyo sakafu. Juu yake ni maneno tu. Vaisi yake, spana zake na kibati cha jina viulizeni kabla ya kukubaliana, vikishabebwa na mtu mwingine havirudi.

Na msibebe mashine bila karatasi. Kuna sheria ya vyuma chakavu ya 2015, biashara hii ina leseni. Mnakumbuka serikali ilivyoifunga kabisa Januari 2022 baada ya nguzo na nyaya za stima kuhujumiwa, ikafunguliwa Mei. Tangu hapo Canter yenye chuma kuukuu inasimamishwa. Risiti yenye jina la muuzaji, namba ya mashine na neno "mashine", si "skrapu". Za shule na ofisi za serikali zinauzwa kwa tenda au mnada, dai karatasi za mnada wenyewe. Anayekuambia "hii imetoka shule fulani kwa mlango wa nyuma", mwache nayo.

---

Kata_Nne

Sasa mnanishawishi, na sitaki. Kushusha hilo jinyama kutoka kwa Canter mnafanyaje?

---

Babu_Spana

Ramu irudishwe katikati, meza ishushwe chini, vyote vikazwe. Shepa ina kichwa kizito, hupenda kulala. Mkanda wa kuinulia upite chini ya ramu karibu na mwili, usiinue kwa meza wala kwa mkono wowote wa kuendeshea. Cheni bloku kwenye fremu ya miguu mitatu iliyo imara, lori litoke chini yake, kisha uishushe juu ya mabomba. Kwa mabomba na mtaimbo watu watatu wataipeleka popote kwenye saruji sawa. Watu kumi wakishika kwa mikono, mmoja ataumia.

---

Utawala_DIY

Wakuu, nimerudi. Ile niliyoiona ni ya India, inchi 18. Nimejaribu mbao chini ya ramu kama mlivyosema: katikati inacheza kidogo tu, na mpigo mrefu unakwenda bila kukwama. Gia safi. Lakini vaisi haipo, na juu ya meza kuna mashimo mengi, mtu aliigeuza kuwa meza ya drili. Mwenyewe anasema ndiyo maana ni rahisi. Niiache?

---

Chuma_Baridi

Usiiache kwa hilo. Vaisi ni kitu cha kutafuta pole pole, na kazi nyingi utazifunga moja kwa moja mezani kwa bolti za T na vibano. Mashimo yazibe kwa plagi za chuma cha kusubu, uzigonge zikae kwa nguvu, zibaki zimechomoza kidogo. Halafu uichonge meza kwa ramu yake mwenyewe, pasi nyembamba, na itakuwa sambamba na safari ya kisu kuliko ilivyotoka kiwandani. Ila rekebisha gibu za ramu na za meza kwanza, kisha pima geji kutoka kona hadi kona. Ukichonga meza kabla ya hapo, unanakili ulegevu wa mashine kwenye uso utakaoutumia kupimia kila kazi. Na toa kile kidogo tu kinachohitajika. Meza ikishakonda hairudi.

---

Mwl_Karakana

Na mguu wa mbele wa meza, upo?

---

Utawala_DIY

Haupo, mwalimu. Lakini reli yake ya chini ipo, nimeiona kwa tochi.

---

Mwl_Karakana

Basi utatengenezwa. Kipande cha chuma chenye bolti ya kupandisha, kiteleze juu ya hiyo reli. Ufunge kabla ya kuchonga meza, usiache kwa baadaye.

---

Utawala_DIY

Sawa. Nimelipa nusu, nimeandikiwa risiti na namba ya mashine imo. Inatoka Jumamosi asubuhi. Aliye upande wa Utawala au Embakasi na cheni bloku ya tani 2 ya kukodisha, na mabomba, tafadhali inbox.